Shangazi, geti la bwawa ni bovu na HOA haisikii. Tuache kulipa ada?

Shangazi, shikamoo.

Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi pembezoni mwa Fort Worth, Texas. Tulipanga nyumba za watu kwa miaka mingi hadi tulipojaliwa kununua ya kwetu, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Ila habari ya HOA hakuna aliyetufafanulia. Siku ya kusaini makaratasi, dalali alituambia tu kwamba mtaa una chama cha wenye nyumba, ndiyo hiyo HOA, ada yake ni dola 780 kwa mwaka, na kwa ada hiyo tutapata bwawa la kuogelea na uwanja wa watoto kuchezea. Tukaona ni neema.

Bwawa kweli lipo. Lakini geti lake halijifungi. Springi ya bawaba imekufa na komeo limepinda, kwa hiyo ukiliachia linarudi nusu, linagonga nguzo na kubaki wazi. Na siku hizi kuna mtu anaweka tofali pale chini ili asisumbuke kutafuta kadi. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitatu na nyumba yetu iko karibu kabisa na hilo bwawa. Nikirudi kutoka zamu ya usiku nalala sikio moja liko mlangoni.

Uwanja wa watoto nao, bembea moja imekatika mnyororo na kipande kinaning'inia usawa wa uso wa mtoto. Choo cha bwawani kilifungwa kiangazi chote. Taa tatu za barabara yetu haziwaki. Nimepiga simu kwenye kampuni inayosimamia mtaa mpaka wamezoea sauti yangu. Wananipa namba ya tiketi, basi, yameishia hapo. Lakini sisi tukisahau pipa la taka mbele ya nyumba siku moja tu, barua inafika na picha ya pipa juu yake! Majani yakizidi kidogo, barua. Kwa kutuandikia barua ni wepisi kweli.

Tuna kikundi chetu cha WhatsApp hapa mtaani, Watanzania, Wakongo, Warundi na familia moja ya Wakenya. Wanaume wamekubaliana kwamba ada ya Januari hawalipi mpaka geti na uwanja vitengenezwe, na kinara wao ni mume wangu. Anasema huwezi kumlipa fundi ambaye hajafanya kazi. Wengine wanasema bodi wanakula hela, maana mwenyekiti amejenga baraza jipya nyuma ya nyumba yake.

Mkutano wa bodi huwa Jumanne jioni kwa Zoom, saa ambayo niko kazini. Na hata ningekuwepo, Kiingereza changu cha kazini kinatosha, cha kubishana ndiyo sina. Jirani yetu mmoja Mkongo aliwahi kujaribu kusema, wakamkatiza.

Shangazi, tuache kulipa kama wanavyotaka wanaume? Na kama siyo, tufanye nini watusikie bila kugombana na mtaa mzima?

Mama wa Watatu, Fort Worth

—

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nyumba.

Nianze na geti, maana hayo mengine yanaweza kungoja mkutano, geti haliwezi. Umeliandika kwenye orodha moja na choo na taa, na nadhani hata kwenye simu umekuwa ukiyataja yote kwa pamoja. Litenganishe. Choo kufungwa ni kero. Geti la bwawa kutojifunga ni kuvunja sheria. Sura ya 757 ya Sheria ya Afya na Usalama ya Texas inakitaka chama cha wenye nyumba chenye bwawa kulizungushia uzio usiopungua inchi 48, kama sentimita 122, na geti lake liwe linajifunga na kujikomea lenyewe. Inakitaka pia kikague uzio na mageti angalau mara moja kila siku 31. Hakuna mahali panaposema wangoje bajeti ya mwakani. Na sheria hiyo ina sababu: hapa Marekani, watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4 wanaokufa kwa kuzama ni wengi kuliko wanaokufa kwa sababu nyingine yoyote. Wa kwako yuko humo humo.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, nenda na simu yako. Piga video fupi: unalifungua geti, unaliachia, linabaki wazi. Piga picha ya komeo na ya bawaba. Halafu andika barua pepe ya mistari mitano kwa meneja na kwa wajumbe wote wa bodi kwa pamoja, kichwa chake kiwe hatari ya usalama kwenye geti la bwawa. Taja sura ya 757, ambatanisha video, waombe wakujibu kwa maandishi ni tarehe gani litatengenezwa. Nakala ya barua hiyo hiyo itume posta kwa rejista yenye risiti. Usiandike kwamba wamekupuuza miezi mingapi, usiandike habari za pipa. Barua inayolalamikia mambo sita hujibiwa lile jepesi kuliko yote.

Wakikaa kimya, piga simu idara ya afya ya jiji lenu, au ya kaunti kama mko nje ya mipaka ya jiji, uulize nani anakagua mabwawa ya mitaa. Mkaguzi akikuta geti hilo anaweza kufunga bwawa mpaka litengenezwe. Jirani watanuna, hasa kama ni Julai na joto limefika nyuzi 40. Waache wanune. Tofali liondoe kila ulionapo. Ila mume wako asilifunge geti kwa waya wala kufuli lake mwenyewe. Mtu akikwama ndani kuna mtoto anazama, lawama itahamia kwenu. Na mlango wenu wa nyuma uwekeeni komeo la juu asikofika huyo wa miaka mitatu.

Sasa nizungumze na baba yao, na umsomee kwa sauti.

Shemeji, usiache kulipa. Najua inavyouma, na hoja yako ya fundi ingekuwa sawa kama HOA ingekuwa fundi. Siyo. Ulipopokea hati ya nyumba ulipokea na masharti ya mtaa yaliyosajiliwa kwenye ofisi ya karani wa kaunti kabla hujafika, na katika masharti hayo ada imefungwa kwenye nyumba yenyewe. Wengi wetu tunasikia kwamba Texas inalinda sana nyumba ya familia isiuzwe kwa madeni, na ni kweli, lakini deni la HOA halimo kwenye ulinzi huo. Mahakama Kuu ya Texas ilishaamua hivyo mwaka 1987. Chama kina haki ya kwenda mahakamani kuomba nyumba iuzwe kwa ada isiyolipwa, na kosa lao la kutotengeneza geti kwa kawaida halikufutii deni lako.

Kulikuwa na kisa cha Frisco, huko huko kaskazini mwa Texas, kilichotangazwa nchi nzima mwaka 2010. Mwanajeshi yuko vitani Iraq, mke wake nyumbani amezidiwa na mawazo, barua zinafika hazifunguliwi. Deni la HOA halikufika dola 1,000. Nyumba ya dola kama 300,000, iliyokwisha kulipiwa yote, ikauzwa mnadani kwa dola elfu tatu na kitu. Waliirudisha baadaye baada ya kesi na kelele nyingi. Mwaka uliofuata Bunge la Texas likabadilisha sheria kadhaa za HOA, na leo ni lazima chama kipate amri ya mahakama kabla ya kuuza, hakiwezi kuuza nyumba kwa sababu ya faini peke yake, na hata ikiuzwa mwenyewe ana siku 180, tangu chama kimtumie barua ya taarifa ya mauzo, za kuikomboa. Ni nafuu, lakini hiyo siyo njia ya kumtuma baba wa watoto watatu aende akaijaribu. Kabla hata ya kufika huko, riba na gharama za wakili zitaongezwa juu ya ile dola 780, na mtajikuta mnalipa wakili wa HOA badala ya kumlipa fundi wa geti.

Kama kuna familia kwenye kikundi chenu ambayo tatizo lake ni hela kweli, siyo mgomo, hiyo iombe kwa maandishi kulipa kidogo kidogo. Chama chenye nyumba zaidi ya 14 kinatakiwa na sheria kiwe na utaratibu wa malipo ya awamu. Wengine lipeni kwa wakati, risiti mtunze. Asiyedaiwa akisimama kwenye mkutano, mwenyekiti hana la kumnyamazishia.

Turudi kwako, mama. Naona ninyi nyote mnaizungumzia HOA kama mwenye nyumba wenu wa zamani, yule wa kupigiwa simu bafu likivuja. Ndiyo mazoea ya kupanga, hayatoki siku moja. Lakini HOA ni ninyi. Kila mwenye nyumba ni mwanachama, wanachama wanachagua bodi, bodi inaajiri kampuni ya usimamizi. Yule dada anayekupa namba za tiketi ni mwajiriwa wa waajiriwa wako. Mara nyingi ana mitaa mingine kibao mkononi mwake, na hana ruhusa ya kutoa hela ya kununua geti bila bodi kusema ndiyo. Lakini ruhusa ya kuandika barua za mapipa anayo, tena ndiyo kazi anayopimwa nayo. Ndiyo maana kwa mapipa ni mwepesi. Utampigia mpaka sauti ikauke. Wa kuulizwa ni bodi, na bodi kwa kawaida ni majirani zako wa kawaida tu, hawalipwi.

Hili la kwamba wanakula hela, lisemeni baada ya kusoma hesabu, siyo baada ya kuona baraza. Huenda wanakula kweli, wapo waliokula. Lakini sababu ninayoiona mara nyingi zaidi ni hii: kampuni iliyojenga mtaa iliweka ada ndogo ili nyumba ziuzike haraka, ikaondoka, na mfuko wa akiba ya matengenezo ikauacha mtupu. Miaka kumi na kitu baadaye plasta ya bwawa inabanduka, bembea zimechakaa, bima imepanda kwa sababu ya mvua za mawe za Texas, na hakuna mjumbe mwenye ujasiri wa kuwaambia majirani ada iongezwe. Basi kila kitu kinafungwa na kuandikwa "kinashughulikiwa". Kama ndivyo ilivyo kwenu, mwenyekiti hata akibadilishwa kesho choo kitabaki kimefungwa.

Kujua ni ipi kati ya hizo mbili ni haki yako kisheria. Sura ya 209 ya Sheria ya Mali ya Texas inampa kila mwanachama haki ya kuona vitabu na kumbukumbu za chama. Unaandika barua, unaituma kwa certified mail, ile huduma ya posta yenye uthibitisho, kwenye anwani ya chama iliyo kwenye cheti cha usimamizi (management certificate) kilichosajiliwa kaunti, unasema kwa undani unataka nini, na unachagua: kwenda kuangalia mwenyewe au kutumiwa nakala. Kuanzia wanapoipokea wana siku 10 za kazi. Wakishindwa, wakuandikie kwa nini, na wasizidishe siku nyingine 15 za kazi. Wakikataa kabisa, unaweza kuwashtaki kwenye mahakama ndogo ya eneo lenu, ile ya jaji wa amani, baada ya kuwapa notisi.

Usiombe "nyaraka zote". Ukiomba zote utaletewa kontena, au bili ya kunakili. Omba bajeti ya mwaka huu na ya mwaka jana, taarifa za benki za akaunti ya akiba, mkataba wa kampuni ya usimamizi, mkataba wa fundi wa bwawa, na mihtasari ya vikao vya bodi vya mwaka mmoja. Zikija, anzeni na mkataba wa fundi wa bwawa. Nimeshuhudia mitaa ambayo kukagua geti kumo kwenye mkataba na kunalipiwa kila mwezi, hakuna aliyekuwa akifuatilia. Na tafadhali, barua za HOA msimwachie mtoto wa darasa la saba awafungulie na kuwatafsiria peke yake. Anatafsiri vizuri, tatizo ni kwamba akiona neno la kutisha analiruka ili mama asipate presha. Kaeni watu wazima wawili naye.

Mkutano wa Jumanne. Huwezi kwenda kila mara, na huna haja. Texas inaitaka bodi ikutane wazi mbele ya wanachama na itangaze kikao cha kawaida saa 144 kabla, yaani siku sita kamili, pamoja na mambo watakayojadili. Mambo mazito kama kuongeza ada hayawezi kuamuliwa kwa barua pepe za chinichini. Kwa hiyo mna siku sita za kujipanga. Likitoka tangazo, mwandikieni meneja mkiomba geti na uwanja wa watoto viwekwe kwenye ajenda. Siku yenyewe aende mtu mmoja, aseme jambo moja, dakika mbili, akisoma kutoka kwenye karatasi. Kusoma siyo aibu. Na anayesoma huwa hakatizwi kirahisi, kwa sababu watu wanaona karatasi ina mwisho. Yule Mkongo aliyekatizwa, nadhani, hakukatizwa kwa lafudhi peke yake. Alikuwa peke yake, bila barua iliyotangulia.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwagombeza kidogo. Kikundi chenu cha WhatsApp ni kizuri kwa harusi, misiba na kuulizana duka la unga wa mhogo. Kwa jambo hili ni kidogo mno. Mkienda kama kikundi cha Waafrika, bodi itawasikia kama kikundi cha Waafrika, na wabaya watasema mnaleta fujo. Hilo geti linamtisha kila mzazi mwenye mtoto mdogo. Yule Mmeksiko wa pembeni mwenye mapacha, yule bibi Mmarekani anayelea mjukuu, wale Wavietnamu wa nyumba ya kona, umeshawahi kuwauliza? Chukueni karatasi yenye sentensi mbili na nafasi za sahihi na namba za nyumba, mzunguke Jumamosi jioni watu wakimwagilia majani. Sambusa zikiwepo kwenye sahani siyo rushwa. Sahihi arobaini za kila rangi hazihitaji Kiingereza cha kubishana.

Taa za barabarani zitoe kabisa kwenye ugomvi huu. Mara nyingi siyo za HOA, ni za jiji au za kampuni ya umeme. Nguzo ina namba. Isome, uwapigie wenyewe.

Kisha kuna uchaguzi, na hapa ndipo wenzetu wengi tunapolala. Mitaa mingi mkutano mkuu wa mwaka hukosa akidi. Wanakuja watu tisa, bodi ile ile inaendelea. Watu tisa! Ninyi familia za kikundi chenu pekee mnaweza kuwa zaidi ya hapo. Texas hairuhusu chama kumnyima mwanachama kura yake, hata kama anadaiwa. Wala si lazima uwepo Zoom: unaweza kumpa mtu mwingine mamlaka ya kukupigia kura, au kupiga kwa karatasi au kwa mtandao kabla, kulingana na njia walizoweka. Kama miaka imepita hawajaitisha uchaguzi, mwanachama anaweza kuudai kwa maandishi. Wakipitisha siku 30 bila kuuitisha, wenye nyumba watatu wanaweza kuunda kamati wauitishe wenyewe. Na kama kampuni iliyojenga bado inashikilia bodi, angalia nyumba zilizouzwa: zikishafika asilimia 75, ndani ya siku 120 angalau theluthi moja ya wajumbe lazima wachaguliwe na wenye nyumba.

Mume wako, ambaye ameweza kuwaunganisha wanaume wa nchi nne kwenye mgomo mmoja, kwa nini asigombee? Nasema kweli. Kuwashawishi Warundi na Wakongo wakubaliane tarehe ni kipaji. Akiingia bodini atagundua kwamba bei ya springi ya geti siyo tatizo, tatizo ni kupata kura tatu kati ya tano za kuinunua, na huko ndiko anakohitajika. Wewe na zamu zako za usiku usijitwishe.

Jambo la mwisho kwa wasomaji wengine, maana nazijua simu zenu: haya niliyoyasema ni ya Texas na ni ya mitaa ya nyumba za peke yake. Wenye kondo, yaani fleti za kununua, hapo hapo Texas wana sura nyingine, ya 82. Walioko Ohio, Arizona au Minnesota waangalie ya kwao, hasa siku za notisi na njia ya kudai hesabu. Na kama tayari mmepokea barua ya wakili wa HOA yenye neno la kuuza nyumba, acheni kunisoma mimi, tafuteni wakili wenu au ofisi ya msaada wa sheria wiki hiyo hiyo.

Mama wa Watatu, barua ya geti leo, ya hesabu Jumatatu. Bajeti ikifika, futa majina na namba za nyumba unitumie kurasa za bwawa na za akiba. Nikiona kitu cha ajabu nitakuandikia kabla ya huo mkutano wao wa Jumanne.

Shangazi